Baada ya Amina: Sala na Matunda Yake Nchi ya Tawa

Oktoba ikifika, wakulima wa Tawa hupanda kabla mvua haijanyesha. Ndengu, kunde, mbaazi na mahindi huingia kwenye udongo mkavu, vumbi likiwapaka watu miguu hadi magotini, kwa matumaini kwamba vuli itawahi kabla mbegu haijaliwa na mchwa au kufukuliwa na kanga. Sehemu hii ya Ukambani hutegemea vuli zaidi. Ile mvua ya Machi hadi Mei, ambayo kwingine Kenya ndiyo mvua kuu, hapa huweza kupita bila kumwachia mtu hata debe moja la mahindi. Ndiyo maana ibada za Oktoba zina uzito wake. Mhubiri akifika kwenye maombi ya mvua, hana haja ya kuwahimiza watu waitikie amina.

Tawa ni mji mdogo wa kaunti ya Makueni, chini ya milima ya Mbooni. Milimani kuna baridi, kahawa na maparachichi. Ukiteremka kuelekea Tawa joto linapanda, miti inapungua urefu na mito inageuka mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Mbele zaidi upande wa mashariki kuna Mto Athi, na ng'ambo yake ni Kitui. Mjini kuna soko, hospitali, mahakama, na makanisa ya kutosha kumchanganya mgeni: Wakatoliki, AIC, Waanglikana, ABC, Wapentekoste wa kila aina. Jumapili asubuhi vipaza sauti hushindana.

Kwa hiyo watu hapa wanasali, na hilo halina mjadala. Kinachojadiliwa, hata na mapadri na wachungaji wenyewe, ni kile kinachofuata baada ya amina.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Tarehe 14 Februari 2023, siku ambayo mijini watu hununuliana maua, Rais William Ruto aliongoza sala ya kitaifa ya kuomba mvua katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Machi mvua zilianza kunyesha. Mwisho wa mwaka huohuo El Niño ikaleta mafuriko. Wapo waliosema Mungu amejibu, wapo waliosema msimu umefika, na ubishi huo hauna mwisho wala faida kubwa. Swali ambalo Biblia yenyewe ingeuliza kwanza ni jingine: misimu ile mitano iliwafanya watu waliokuwa wakisali wawe watu wa namna gani? Walizidi kugawana kibaba, au kila mtu alifunga mlango wake?

Mtu aliyeijua sala ya Wakamba kwa undani kuliko wengi alizaliwa ng'ambo ya Athi. John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 Mulango, karibu na mji wa Kitui, akasoma Alliance na Makerere, akapata udaktari wa teolojia Cambridge mwaka 1963, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa Makerere. Kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilisomwa dunia nzima. Kile kinachosomwa kidogo zaidi ni cha 1975, ambamo alikusanya takribani sala 300 kutoka pembe zote za Afrika, sala za watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona Biblia. Alikuwa akipingana na dhana ya kwamba Mwafrika alifundishwa kusali na mmisionari. Wakamba walikuwa na ithembo, mahali pa ibada penye miti mikubwa isiyokatwa, ambapo wazee walimwomba Mulungu mvua, afya na uzazi.

Ukizisoma sala za namna hiyo unaona jambo moja haraka: karibu hakuna anayejiombea peke yake. Zinaombwa kwa niaba ya nyumba, ukoo, kijiji, mifugo. Mtu aliyekuwa na ugomvi na nduguye alikuwa tatizo la kila mtu, maana ugomvi wake ungeweza kuharibu dua ya wote. Mbiti, aliyefariki Oktoba 2019 huko Burgdorf, Uswisi, alitumia miaka yake ya uzeeni kutafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, na tafsiri hiyo ilitoka mwaka 2014. Msomi wa kiwango chake angeweza kumalizia maisha kwenye mikutano ya vyuo vikuu. Alichagua kuwapa bibi wa Mulango na Tawa kitabu cha kusalia.

Ukristo wenyewe uliingia Makueni kwa watu waliotegemea sala hata kwa mlo wao. Desemba 1895 kijana mzaliwa wa Glasgow, Peter Cameron Scott, alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission kule Nzaui, kusini mwa Tawa. Misheni yake ilikuwa na kanuni ngumu: wamisionari hawakuwa na mshahara wa uhakika, na mahitaji yao yalipaswa kupelekwa kwa Mungu kabla ya mtu yeyote. Mwaka mmoja haukuwa umepita alipofariki kwa homa, Desemba 1896, akiwa na miaka 29. Wenzake wakafuatana kuugua, kufa au kurudi kwao. Kufikia 1899 alikuwa amebaki mmoja tu katika kundi la kwanza.

Mtu yeyote aliyepita Nzaui mwaka ule angesema sala zote zile zilikwenda bure. Leo AIC, kanisa lililozaliwa na misheni hiyo, ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kiprotestanti Kenya, na chuo kikuu kilichoko Machakos kinaitwa kwa jina la Scott. Hata hivyo, wingi wa waumini haukumridhisha kila mtu. Mwaka 1945 Wakamba waliokuwa wakifanya kazi Nairobi walianzisha African Brotherhood Church, ABC, wakitaka kanisa linaloongozwa na Waafrika wenyewe. Jina walilolichagua linasema walichokuwa wakikitafuta: udugu. Waliona sala nyingi na udugu haba.

Hapo ndipo suala la matunda linapoingia, na linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu siku hizi neno hilo limepanuliwa likabeba kila kitu. Katika mahubiri mengi ya redio na televisheni, matunda ni gari, nyumba, visa, mtoto aliyepata kazi. Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Galatia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, hakutaja hata kimoja cha hivyo. Alitaja sifa tisa, upendo ukitangulia na kiasi kikifunga orodha, na katikati furaha, amani, uvumilivu, wema na upole. Ni barua iliyoandikwa kwa watu waliokuwa wakigombana. Mistari michache kabla ya orodha hiyo anawaonya kwamba wakiendelea kung'atana watamalizana, kisha anahesabu matendo 15 ya mwili. Ukiyapanga, manane kati yake yanahusu uhusiano na mtu mwingine: uadui, wivu, hasira, fitina na jamaa zake. Uzinzi na ulevi, ambavyo mimbarani hupewa saa nzima, ni vichache kuliko hivyo.

Hakuna sifa kati ya zile tisa inayoweza kuthibitishwa chumbani peke yako. Uvumilivu unahitaji mtu wa kukuudhi. Upole unahitaji mtu aliye chini ya mamlaka yako, mke, mtoto, kibarua. Uaminifu unahitaji fedha za chama mkononi mwako na mweka hazina mwenzako akiwa safarini.

Lakini sala nayo inaingia wapi? Katika Injili ya Yohana, usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, Yesu anawaeleza wanafunzi wake habari za mzabibu na matawi. Mkulima wa Makueni, ambaye pengine hajawahi kuuona mzabibu, anaielewa kwa mwembe. Kaunti hii ni ya maembe, na anayetaka aina ya Apple au Kent hupandikiza kikonyo chake juu ya shina la mwembe wa kienyeji. Kikonyo kilichofungwa vibaya hakinyauki siku ileile. Hubaki kijani kwa siku kadhaa, ukikitazama unadhani kimeshika, mpaka asubuhi moja unakikuta kimekauka. Mkristo aliyeacha kusali huweza kuendelea na uongozi wa kwaya, vikao na michango kwa muda mrefu bila mtu kugundua. Wa kwanza kugundua huwa ni watu wa nyumbani kwake, kwa sauti anayowajibu nayo.

Injili zinamwonyesha Yesu mwenyewe akiamka alfajiri kungali giza kwenda kusali mahali pasipo watu, na hiyo ilikuwa baada ya jioni nzima ya kuponya wagonjwa waliojazana mlangoni. Wakristo wa mwanzo walishika desturi hiyo: Didache, mafundisho ya kanisa ambayo wataalamu wengi huyaweka kwenye mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, yanaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku. Hawakuagizwa kusali kwa saa sita mfululizo, wala kwa kupaza sauti. Mara tatu, fupi, kila siku, katikati ya kazi.

Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, anasimuliwa kuwa alilemewa na uchovu jangwani, akamwuliza Mungu afanye nini. Akaona mtu anayefanana naye ameketi akisokota kamba. Akainuka, akasali, akaketi tena kusokota, akainuka tena. Antoni akaelewa. Wamonaki wa Misri waliishi kwa kusuka mikeka na vikapu, wakauza na kuwapa maskini. Mwanamke wa Kikamba anayesuka kiondo huku akinong'ona rozari au wimbo wa AIC, mkonge ukizunguka pajani, yumo katika desturi ya kale zaidi kuliko madhehebu mengi yaliyoko Tawa.

Rudi sasa mjini, kwenye jengo ambalo wahubiri hulipita bila kulitazama. Tawa ina mahakama, na mahakama za mahakimu Kenya husikiliza, pamoja na mengine, kesi za urithi na ardhi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi za nje za mahakama ya mashambani anajua wanaokaa pale. Ni ndugu wa tumbo moja, mashemeji, wake wenza, na mara nyingi wote ni washirika wa kanisa, wengine wa kanisa moja. Baba alifariki bila kugawa shamba. Mikonge ya mpaka iling'olewa usiku ikasogezwa hatua tatu. Mmoja ana hati, mwingine ana kaburi la mama. Zamani Wakamba walikuwa na kithitu, kiapo cha kutisha kilichoaminika kumwua mwongo na jamaa zake, na watu wengi walimaliza ugomvi nje ya kiapo kwa kukiogopa. Siku hizi wanaapa kwa Biblia, na inaelekea Biblia haiwatishi vile.

Paulo aliwakemea Wakristo wa Korintho kwa jambo hilihili, akiuliza kama kweli hakuna mtu mmoja mwenye hekima kati yao wa kuamua neno la ndugu na ndugu. Yesu, katika mahubiri ya mlimani, anamwambia mwenye sadaka mkononi aiache mbele ya madhabahu aende kwanza akapatane na nduguye. Ni agizo lisilofuatwa kwa herufi katika kanisa lolote la Ukambani, maana siku likifuatwa harambee za Jumapili zitakwama na foleni ya watoaji itaishia kwenye vituo vya matatu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zihimize upatanisho na njia za jadi za kumaliza kesi. Wazee wa kanisa wana nafasi kisheria na kibiblia. Mzee anayeweza kuwaketisha ndugu wawili chini ya mwembe wakatoka na mpaka mmoja amezaa tunda ambalo hakuna kesha litakalolizaa kwa niaba yake.

Hiyo haimaanishi kwamba Ukambani haujui matunda. Unayajua sana, huyaita tu kwa majina mengine. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, inakwisha kwa mmomonyoko wa udongo. Wakati huo wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia 1990 walikuwa karibu milioni 1.4, na hata hivyo ardhi ilikuwa katika hali nzuri zaidi kuliko zamani, kama walivyoonyesha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika kitabu chao cha 1994 kilichoshangaza wengi. Milima ilikuwa imekatwa matuta. Matuta ya mwanzo yalichimbwa kwa amri ya serikali na watu waliyachukia; yale yaliyodumu yalichimbwa na mwethya, vikundi vya majirani, wengi wao wanawake, wakilima kwa zamu shamba la huyu leo na la yule kesho.

Mwethya ni wa kale kuliko kanisa, lakini kanisa liliukuta likaingia ndani yake. Kikundi hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati kuna jembe.

Mwaka 1978, kule Kola, kaunti ya Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake waliunda kikundi cha Utooni na kuanza kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, katikati ya mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na katika nafasi kati ya chembe za mchanga maji hubaki, yamechujwa na kukingwa na jua. Mto unaonekana mkavu, lakini ukifukua unakuta maji. Wazo la msingi lilikuwa la enzi za ukoloni. Utooni walilifanya kuwa kazi ya vikundi. Saruji na chuma vilipatikana kwa msaada, na miongoni mwa waliosaidia kwa miaka mingi ni MCC, shirika la misaada la Wamenoni lililoanzishwa mwaka 1920. Shirika hilohilo lilishirikiana na shirika la SASOL la Kitui, ambalo limejenga mamia ya mabwawa ya aina hiyo. Mawe yalibebwa na wenye kijiji, kichwani na mgongoni, kwa wiki na miezi. Mmenoni na mama wa Ukambani hawana katekisimu moja, lakini mchanga haukuuliza.

Bwawa kama hilo mara nyingi halijai kwa msimu mmoja. Linaweza kuchukua vuli kadhaa kabla halijashiba mchanga, na katika kipindi hicho kikundi hutazama ukuta uliosimama mtoni bila faida kubwa. Ule uvumilivu wa orodha ya Paulo, ukitaka kuuona kwa macho, nenda ukawaone watu hao.

Kinyume chake Kenya ilikiona mwaka huohuo wa sala ya Nyayo. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na hesabu ya miili ikapita 400. Wachunguzi walieleza kwamba waumini walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wengi. Mhubiri aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo alikana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Ila Mkristo wa kawaida halazimiki kungoja hukumu ili ajue kipimo. Yesu alisema manabii wa uongo watambuliwe kwa matunda yao, na Isaya, karne nyingi kabla yake, alieleza mfungo anaoutaka Mungu: kumlisha mwenye njaa, kumvika aliye uchi, kuvunja nira. Mfungo unaomnyima mtoto uji umeshajieleza. Na dalili zilikuwapo mapema, kwa wanaojua kuzisoma: waumini walitengwa na jamaa, watoto wakatolewa shule, hospitali ikaitwa dhambi. Sala iliyomtenga mtu na kila jirani haikuwa na mahali pa kuzalia.

Baada ya Shakahola serikali iliunda jopo la kuangalia sheria za mashirika ya dini, na mabishano kuhusu usajili wa makanisa yakawaka. Sheria inaweza kumzuia mlaghai. Haiwezi kumfundisha muumini kupima sala yake, na kazi hiyo imebaki kwa makundi madogo ambayo hayatangazwi popote.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwa Wakatoliki, ambao Makueni wamepata jimbo lao wenyewe, la Wote, lililoundwa na Papa Fransisko Julai 2023 kutoka jimbo la Machakos. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba parokia ziishi kupitia jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Ni nyumba kadhaa za jirani zinazokutana kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kwenye viti vya plastiki na magogo, kuku wakipita katikati. Waprotestanti wana ushirika wa nyumbani unaofanana na huo, tofauti zikiwa za nyimbo na rozari.

Jumuiya nyingi hutumia njia ya hatua saba iliyotengenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia maneno yaliyomgusa mtu, kunyamaza, kushirikishana. Hatua ya sita ndiyo inayowapa shida wanaopenda sala ndefu. Hapo kikundi hakiruhusiwi kufunga mpaka kiamue kitafanya nini wiki hiyo, na nani hasa atafanya. Mjane wa nyumba ya tatu ana paa linalovuja: nani ana mabati mawili, na nani ana ngazi? Mzee fulani hajaenda kliniki ya presha: nani atampeleka hospitali ya Tawa Jumatano, na nauli ya bodaboda itatoka wapi? Ndugu wawili hawasalimiani tangu mazishi ya baba yao, na wote wamo kwenye viti vile. Hilo huchukua muda zaidi, na mara nyingine huahirishwa. Katibu anaandika majina kwenye daftari. Sala ya mwisho ni hatua ya saba, na wiki inayofuata, kikao kikifika tena kwenye hatua ya sita, mwenyekiti hufungua daftari na kuuliza mabati yamefika wapi.